Bima ya Mzee kwa Dola Sifuri: Mkalishe Wakala Kabla ya Tarehe 7 Desemba

Matangazo ya bima ya afya kwa wazee wa Marekani yanapenda neno moja: sifuri. Dola sifuri kwa mwezi, meno bure, miwani bure, na juu yake kadi ya kununulia vyakula. Mama aliyetoka Uvira akapitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kufika Louisville, au mzee wa Kisumu aliyestaafu Dallas baada ya miaka mingi ya kutunza wagonjwa, akisikia hivyo ana sababu gani ya kukataa?

Sababu ni kwamba sifuri ni bei ya mlangoni. Bei ya kweli ni ya mwaka mzima, nayo hubadilika kila tarehe 1 Januari hata kama jina la mpango ni lile lile. Wa kukuonyesha bei hiyo ni wakala wa bima. Kampuni ndiyo inayomlipa, wewe humlipi hata senti, kwa hiyo mtumie vya kutosha. Wakala akikuomba ada, ondoka.

Tunazungumzia Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na zaidi na baadhi ya wenye ulemavu. Takwimu zote hapa ni za 2026. Dirisha la kubadili mpango hufunguliwa tarehe 15 Oktoba na kufungwa tarehe 7 Desemba. Likifungwa, aliye kwenye Medicare Advantage, yaani mpango unaoendeshwa na kampuni binafsi, anaweza kubadili mara moja tu kati ya tarehe 1 Januari na 31 Machi. Aliye kwenye Medicare ya serikali na mpango wa dawa pembeni hana nafasi hiyo. Kwa kawaida atasubiri Oktoba nyingine.

Anza na barua, si na brosha

Kila kampuni inatakiwa kumfikishia mteja barua ya mabadiliko kabla ya Oktoba kuanza. Bahasha ni nene, na juu ya barua pameandikwa Annual Notice of Change. Familia nyingi huitupa kwa sababu inafanana na matangazo mengine yanayojaza sanduku la posta msimu huo. Usiitupe. Ndani yake kuna safu mbili, gharama za mwaka huu na za mwaka ujao, bega kwa bega. Hakuna karatasi nyingine ya bima iliyo wazi kiasi hicho.

Wakala anayejua kazi ataiomba barua hiyo kabla hajafungua mdomo kuhusu mpango mwingine wowote. Ataomba pia chupa za dawa zote, majina ya madaktari, na kadi za bima. Asipoomba, ujue amekuja na jibu lake mfukoni.

Barua ikipotea, piga simu nambari iliyo nyuma ya kadi uombe nakala, na useme unataka mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo ni bure. Ipo pia kwenye simu ya Medicare yenyewe, 1-800-633-4227.

Dawa ndizo zinazokula pesa

Watu wengi husoma mstari wa malipo ya mwezi, wakaona haujapanda, wakafunga barua. Gharama iliyopanda iko kurasa za mbele zaidi, kwenye dawa.

Kila mpango hupanga dawa kwa madaraja. Daraja la chini ni la bei nafuu, la juu ni ghali. Dawa ya mzee inaweza kupandishwa daraja, au ikaondolewa kabisa kwenye orodha, au ikawekewa sharti la kibali cha kampuni kabla ya kutolewa. Kibaya zaidi ni pale mchango wa mgonjwa unapotoka kwenye kiasi kilichopangwa na kuwa asilimia. Tuseme dawa inauzwa dola 600, na mwaka jana mzee alitoa dola 47. Mwaka huu barua inasema asilimia 25. Hiyo ni dola 150 kwa dawa ile ile, duka lile lile.

Kabla ya kufika hapo kuna kiasi cha kuanzia, yaani pesa unayotoa mfukoni kabla mpango wa dawa haujaanza kuchangia. Sheria inaruhusu kifike dola 615. Mipango mingine haikitozi kabisa, mingine hukitoza kwa dawa za daraja la juu tu. Kwa mzee anayemeza vidonge viwili vya bei rahisi, jambo hili halina uzito. Kwa mwenye dawa za moyo za bei kubwa, Januari yake itauma.

Ahueni ipo. Dawa zilizo kwenye orodha ya mpango zina ukomo wa dola 2,100 kwa mwaka. Ukishafika hapo, hulipi tena mpaka Desemba iishe. Insulini iliyo kwenye orodha haizidi dola 35 kwa mwezi. Lakini dawa isiyo kwenye orodha haihesabiwi: unailipa yote, na malipo hayo hayakusogezi kwenye ukomo. Ndiyo maana swali la kwanza kwa wakala ni kama dawa zote zimo, kwa vipimo vyake. Swali la bei linakuja baada ya hilo.

Kwa familia isiyo na akiba, kuna njia moja ambayo mawakala hawaitaji sana. Unaweza kuiomba kampuni igawanye malipo ya dawa kwa miezi, bila riba. Hupunguziwi hata senti, ila hukabiliwi na bili nzito ya Januari kwa mkupuo. Ukiwa na dawa ghali, omba mapema. Ukiwa na dawa rahisi, usijisumbue.

Angalia pia duka la dawa lenyewe. Mipango mingi ina maduka inayoyapendelea, na ukinunua kwingine unaongezewa. Duka lililopendelewa mwaka huu linaweza kushushwa mwaka ujao, na mzee akaendelea kwenda huko kwa mazoea.

Haya yote yanaonekana kwenye tovuti ya Medicare. Wakala aingize dawa moja baada ya nyingine huku wewe ukiangalia skrini, kisha asome jumla ya mwaka. Kazi hiyo haihitaji mchana mzima. Akisema hana muda, mshukuru na umuage.

Hesabu ya sifuri

Jambo la kwanza: mpango wa dola sifuri haufuti malipo ya Sehemu B, ile sehemu ya Medicare inayogharamia madaktari. Hayo ni dola 202.90 kwa mwezi, kutoka 185 mwaka 2025, na kwa wengi hukatwa moja kwa moja kwenye hundi ya Social Security. Kwa mwaka ni dola 2,434.80. Kwa hiyo hakuna mtu ambaye bima yake ni sifuri, isipokuwa jimbo linamlipia.

Sasa tulinganishe mipango miwili ya mfano. Wa kwanza ni sifuri kwa mwezi. Ukilazwa unatoa dola 395 kwa siku kwa siku sita za mwanzo, daktari bingwa ni dola 45 kila ukimwona, na kiasi cha kuanzia cha dawa ni 615. Wa pili ni dola 38 kwa mwezi. Kulazwa ni dola 250 kwa siku kwa siku tano za mwanzo, bingwa ni dola 25, na dawa hazina kiasi cha kuanzia.

Mzee mwenye kisukari na ugonjwa wa moyo, akilazwa siku sita, akamwona bingwa mara kumi, na dawa zake zikamaliza kile kiasi cha kuanzia, atatoa dola 3,435 kwenye mpango wa sifuri. Kwenye ule wa dola 38 atatoa 1,956, malipo ya mwezi yakiwemo. Tofauti ni dola 1,479.

Mzee mwenye afya, asiyelazwa, mwenye dawa za bei rahisi na anayemwona bingwa mara mbili tu, atatoa 90 kwenye mpango wa sifuri na 506 kwenye wa pili. Kwake sifuri ni nafuu kweli, na asidharauliwe kwa kuichagua.

Mpango bora wa jirani yako, kwa hiyo, haukuhusu. Wakala akuhesabie mwaka mbaya na mwaka mzuri wa mzee huyu, aandike tarakimu mbili kwa kalamu, akuachie karatasi.

Uliza pia ukomo wa mwaka wa matibabu. Kwenye Advantage hauruhusiwi kuzidi dola 9,250 kwa madaktari walio ndani ya orodha ya mpango, na mipango mingi huweka chini ya hapo. Ukipanda kutoka, tuseme, 4,500 hadi 6,700, hiyo ndiyo habari kubwa ya barua nzima, hata kama malipo ya mwezi yamebaki sifuri. Dawa hazihesabiwi humo. Zina ukomo wake.

Meno bure? Soma kiwango cha juu cha mwaka na orodha ya madaktari wa meno. Kusafisha ni kitu kimoja, jino bandia ni kitu kingine. Kadi ya vyakula nayo mara nyingi huja na masharti ya ugonjwa fulani au maduka fulani. Usihamishe matibabu ya moyo kwa sababu ya kadi ya vyakula.

Daktari yumo?

"Tunapokea Medicare" ni jibu lisilotosha. Kliniki inaweza kupokea Medicare ya serikali na ikakataa mpango wako. Piga simu, taja jina kamili la mpango, na uulize kama wamo kuanzia Januari. Wakala mzuri hupiga simu hiyo akiwa mezani kwako, maana orodha za mtandaoni huchelewa kusahihishwa. Ikiwa kliniki ina muuguzi anayeongea Kiswahili na mzee amemzoea, hiyo nayo ina thamani ya pesa. Mgonjwa asiyeelewana na kliniki hurudi akiwa amezidiwa.

Kutoka ni rahisi kuliko kurudi

Medicare ya serikali peke yake haina ukomo wa mwaka. Ukilazwa unaanza na dola 1,736 kwa kila kipindi cha ugonjwa, na kwa daktari unatoa asilimia 20 bila mwisho. Kwa mtu wa kipato kidogo asiye na nyongeza yoyote, hilo ndilo chaguo baya kuliko yote.

Nyongeza yake huitwa Medigap. Mara nyingi hupita dola 100 kwa mwezi, bei hutofautiana kwa jimbo na umri, na mpango wa dawa unaununua kando. Faida yake ni kwamba unatibiwa kwa daktari yeyote anayepokea Medicare nchi nzima, na bili za kushtukiza ni chache.

Mtego uko kwenye muda. Miezi sita ya mwanzo baada ya kufika 65 na kuwa na Sehemu B, kampuni ya Medigap haiwezi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Baadaye, katika majimbo mengi, inaweza kukukataa au kukutoza zaidi. New York na Connecticut ni miongoni mwa majimbo machache yasiyoruhusu hivyo. Kwa hiyo mwenye Medigap akishawishiwa kuiacha aingie Advantage ya sifuri, anatoka kwa mlango ambao huenda asiupite tena. Anayejaribu Advantage kwa mara ya kwanza ana haki ya kurudi ndani ya miezi 12. Wakala asiyekuambia hayo kabla ya saini amekuficha jambo zito.

Mzee akienda nyumbani miezi mitatu

Brosha hazina ukurasa wa jambo hili, na linatuhusu sisi tuliotoka Afrika zaidi ya wengine. Medicare ya serikali kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Mzee akivunjika mguu Mombasa au akipata malaria Bujumbura, bili ni ya familia. Baadhi ya mipango ya Advantage hulipia dharura ugenini. Uliza kiasi na uonyeshwe maandishi. Medigap za herufi C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya dharura ya nje baada ya wewe kutoa dola 250, ndani ya siku 60 za mwanzo za safari, hadi dola 50,000 kwa maisha yote.

Zingatia na muda wa kukaa. Mipango mingi ya Advantage humtoa mteja anayekaa nje ya eneo lake zaidi ya miezi sita mfululizo. Na anayeacha mpango wa dawa kwa sababu yuko nyumbani Afrika kwa muda mrefu aulize kwanza atakaporudi itakuwaje, maana kukaa bila bima ya dawa bila sababu inayokubalika kunaleta faini: asilimia moja ya dola 38.99 kwa kila mwezi uliokosa. Miezi 24 ni kama dola 9.40 kila mwezi, na kwa kawaida hulipwa maisha yote.

Kabla ya kulinganisha, mzee aulizwe kipato

Wakala asipouliza kipato cha mzee, ameacha pesa mezani. Kwa wenye kipato kidogo, mpango wa Extra Help hushusha mchango wa dawa usizidi dola 5.10 kwa dawa isiyo na jina la kampuni na 12.65 kwa yenye jina. Programu za majimbo za Medicare Savings zinaweza kumlipia mzee zile dola 202.90 za kila mwezi. Hakuna mpango wa sifuri unaoweza kushindana na hilo. Kuomba ni bure, na ukikataliwa hupotezi kitu.

Wakimbizi na waliopewa hifadhi wasikilize zaidi. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye Medicare walio na hadhi hiyo bila kadi ya kijani ya ukaazi. Waliokuwa wamekwishaingia watakatwa ifikapo Januari 2027. Mzee anayestahili kadi hiyo aiombe sasa. Kwake, hiyo inatangulia uchaguzi wa mpango wowote.

Wakala yupi?

Wakala wa kampuni moja anaijua bidhaa yake vizuri, lakini hawezi kukuuzia ya jirani. Wakala huru anauza za kampuni kadhaa, na kwa familia nyingi ndiye wa kuanza naye. Naye hauzi zote, na kanuni zinamtaka aseme hivyo waziwazi. Asiposema, muulize ni kampuni ngapi.

Jua pia anavyolipwa. Katika majimbo mengi, kumwingiza mtu Advantage kwa mara ya kwanza kunaweza kumpa hadi dola 694, na hadi 347 kila mwaka mteja anapobaki. Si dhambi, ni mshahara wake. Lakini kuna kampuni zilizoacha kulipa kamisheni kwa baadhi ya mipango, na mipango hiyo huwa haitajwi mezani. Uliza bila haya: "Kuna mpango unaomfaa mama ambao wewe hulipwi?" Atakayejibu kwa ukweli mrudie kila mwaka.

Chaguo la tatu ni SHIP, ushauri wa bure uliopo kila jimbo, usiouza chochote. Ohio huitwa OSHIIP, Texas na California HICAP, Washington SHIBA. Ubaya wake ni foleni. Wiki ya mwisho ya dirisha huenda usipate nafasi. Ushauri wangu: kaa na wakala huru, kisha peleka karatasi yake SHIP wakague. Zote mbili hazikugharimu.

Wakala anayeongea Kiswahili, mnayesali naye, ni msaada mkubwa, ila lugha moja haimwondolei kamisheni. Mpime kwa maswali yale yale. Kanuni zinamkataza kuja bila kualikwa, kukupikia mlo kwenye mkutano wa mauzo, au kutoa zawadi ya zaidi ya dola 15. Fomu anayosainisha mwanzoni, inayotaja mtazungumzia nini, haikuingizi kwenye mpango. Inambana yeye: mkikubaliana Medicare, asichomeke bima ya maisha.

La hatari ni simu. Wazee wetu hujibu "ndiyo, ndiyo" kwa heshima hata pale wasipoelewa, na "ndiyo" kwenye simu inaweza kumhamisha mtu mpango. Mwambie mzee aseme: "Nitamuuliza mwanangu," akate, na asitaje nambari ya kadi yake.

Uamuzi

Dawa zimo, madaktari wamo, na hesabu ya mwaka mbaya haijapanda sana? Baki ulipo. Mpango hujirudia wenyewe, na kuhama kwa sababu ya kadi ya vyakula ni kujitafutia usumbufu.

Dawa moja ghali imetoka, au daktari wa moyo hayumo? Hama, na usingoje Desemba 6.

Mpango umefungwa? Hilo limewakuta wengi, kampuni zilipojiondoa kwenye baadhi ya kaunti. Usipofanya kitu, Januari 1 unaweza kujikuta kwenye Medicare ya serikali bila bima ya dawa. Una hadi mwisho wa Februari kuchagua, na una haki ya kununua baadhi ya Medigap bila kuulizwa ugonjwa ndani ya siku 63. Wakala akikuharakisha uingie Advantage nyingine, hakikisha amekutajia haki hiyo kwanza.

Ukishahama, dai barua ya uthibitisho na uandike tarehe na jina la aliyekusainisha. Chukua dawa za mwezi mzima mwishoni mwa Desemba kwa kadi ya zamani, kama siku zinaruhusu. Januari toa kadi mpya dukani, na kama bei haifanani na ile aliyoandika wakala, mpigie palepale ukiwa bado kwenye kaunta.